Mbuzi Akigeuka Bado Ni Mbuzi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeamriwa nivue usomaji wangu na kuuacha mlangoni, kama watu wanavyoacha ndala.

Kabla sijafika huko niseme kwanza yaliyotokea nikiwa macho. Mimi ni Eliwaza Ntandu. Nafundisha darasa la tatu katika shule moja nje ya mji wa Singida, upande wa mashamba ya alizeti. Wiki hii walimu wa kata yetu tuko kwenye mafunzo ya namna ya kuwasaidia wanafunzi ambao kujifunza kunawapa shida. Jana mwezeshaji wetu, Bi. Ndelilio, alisema maneno mengi mazuri: mshukie mwanafunzi pale alipo, mpe muda, usiache somo limpite. Tuliitikia yote kwa vichwa. Wakati wa kutoka, Mwalimu Mpondo, ambaye ndiye mwalimu mkuu wangu, alinisimamisha nje ya ukumbi akaniuliza kuhusu Zaituni Hango.

Zaituni yuko darasani kwangu na hajui kusoma. Si mtundu, si mtoro. Ukimsimulia kisa leo, kesho atakusimulia wewe na kukurekebisha ulipokosea. Ila ukimpa kitabu, macho yake yanakuwa kama ya mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Mwalimu Mpondo anataka arudishwe darasa la kwanza, akae dawati moja na mdogo wake Shabani.

"Si adhabu," aliniambia. "Ni kumtendea haki mtoto. Kesho nipe jibu lako, mwalimu."

Nilikuwa naelekea kusema sawa. Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala.

Ukumbi wa mafunzo ulikuwa uleule wa mchana, ila mwezeshaji alikuwa ubao. Ubao mweusi wa zamani, wenye ufa pembeni, umeketi kwenye kiti na kukunja nne. Nyuma yangu alisimama Mwalimu Mpondo. Hakuna aliyeshangaa. Niliuamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba," ubao ulisema, na vumbi la chaki likautoka. "Vueni usomaji wenu. Mafunzo haya ni ya kushuka, na ngazi ni nyembamba."

Nikavua wangu. Ulitokea upande wa kisogo, mwepesi kuliko nilivyodhani, kama kitenge kilichofuliwa miaka mingi. Niliukunja nikauweka juu ya benchi la mlangoni. Mwalimu Mpondo alisita.

"Mimi ni mwalimu mkuu," alisema.

"Basi wako utakuwa mrefu," ubao ulisema. "Uzungushe mkononi kwanza, usije ukaukanyaga."

Kweli ulikuwa mrefu. Aliuzungusha kama mtu anayekunja kamba ya ng'ombe, akauweka karibu na wangu, akaupapasa mara moja. Nilitazama maandishi yaliyokuwa ukutani. Yalikuwa mazuri, yenye mikia na vitumbo, na hayakuniambia kitu chochote.

"Mwanafunzi wenu ni nani?"

"Zaituni Hango," nikasema.

"Mshukieni pale alipo."

Sakafu inafunguka. Ngazi inashuka, na kila kipandio chake ni darasa. Cha juu ni la saba, kinanuka jasho la mtihani. La sita, la tano, la nne. Kwenye la tatu tunasimama, kwa sababu ndipo alipoandikishwa. Pana dawati moja tu.

"Zaituni yupo?" nauliza.

"Mwili wake hukaa hapa," dawati linasema. "Ni mwepesi, na hautikisiki. Mwenyewe hayupo."

"Atakuwa chini, kwenye la kwanza," anasema Mwalimu Mpondo, kwa sauti ya mtu aliyejua tangu mwanzo.

Kutoka kipandio cha chini kabisa sauti ndogo inaitikia. "Huku hayupo, mwalimu. Nipo mimi Shabani, na nafasi yenyewe ni ya mtu mmoja."

"Sasa yuko wapi?"

"Somo lilimpita," dawati linasema. "Akatoka kulifuata."

Niligeuka ili nilishukuru dawati, na nilipomaliza kugeuka tulikuwa barabarani.

Ilikuwa barabara ya vumbi, alizeti huku na huku, na masomo yalikuwa yanapita. Hesabu ilipita kama fahali, ikitazama mbele tu. Sayansi ilipita imebeba ndoo ya maji na haikumwaga hata tone. Kisha akaja Kiswahili, mama mwembamba mwenye mkoba kwapani, mwendo wa haraka kama anayewahi msibani.

"Samahani, mama," nikamwita, nikikimbia pembeni yake. "Kuna mtoto ulimpita."

"Nimewapita wengi," alisema bila kupunguza mwendo. "Walio wepesi hunishika nguo tukaenda wote. Huyo wako aliniuliza swali, na kwenye ratiba yangu hapakuwa na nafasi ya swali."

"Swali gani?"

"La mbuzi," akasema, akapotea kwenye vumbi.

Mimi na Mwalimu Mpondo tukatazamana.

"Swali la mbuzi ndilo lipi?" aliuliza.

"Sijui," nikasema. Nikagundua kwamba nataka kujua kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote siku hiyo.

Nyuma yetu kukasikika mlio ninaoujua. Ilikuwa kengele ya shule yetu, rimu ya lori inayoning'inia karibu na ofisi. Ilikuwa imejinasua kwenye waya wake na inabingirika barabarani taratibu, ikijigonga yenyewe.

"Mnamtafuta Zaituni Hango?" iliuliza.

"Ndiyo."

"Mimi pia. Nikimfikia kabla hajasoma, nampeleka kwenye kipandio cha chini. Sina ubaya naye. Mimi ni kengele."

"Tupe muda," nikaiomba.

"Muda sinao mimi. Anao yeye." Rimu haina kidole, lakini ilimnyooshea Mwalimu Mpondo.

Mwalimu Mpondo akajitazama. Mkononi alikuwa na dumu la njano, limejaa hadi shingoni. Hakuwa ameliona. Alilikumbatia.

"Huu ni wa shule nzima," alisema. "Siwezi kuumwaga kwa mtoto mmoja."

"Sijakuomba," nilimjibu. "Bado."

Tukakata njia ya mkato katikati ya alizeti. Maua yote yaligeuka kututazama, yakaturudishia visogo tulipopita. Upande wa pili palikuwa na ua wa nyumba ambao ardhi yake ilikuwa nyeupe na laini, na nikapatambua hata bila kusoma. Ulikuwa ukurasa wa kitabu chetu, ule wenye picha ya nyumba ya bati, mafiga matatu, kuku, na mjomba mwenye baiskeli. Chini ya picha ulipita mstari mmoja mrefu, umekanyagwa kama kinjia.

Zaituni yuko katikati ya ua, na sare yake ya shule. Mkono mmoja ameshika jembe, mwingine mwiko. Mbele yake amesimama baba mmoja mnene.

"Shikamoo baba," Zaituni anasema, anampa jembe.

Upepo unavuma kidogo. Baba anageuka. Aliyeshika jembe sasa ni msichana mwenye kilemba.

"Baba yuko wapi hapa?" msichana anauliza. "Mimi ni dada. Naomba mwiko."

Zaituni anampa mwiko. Upepo tena. Dada anageuka, na baba anautazama mwiko ulio mkononi mwake.

"Niende nao shamba?" anauliza, bila ukali.

Kuku anacheka. Mjomba anacheka, na kengele ya baiskeli yake inacheka. Wanacheka bila haraka, kama watu waliozoea kucheka jambo hilo kila siku saa za shule.

"Zaituni," nikaita.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mwalimu mkuu." Hakuonekana kushangaa. "Na nyinyi mmekuja kujaribu?"

"Tumekuja kujaribu," nikasema, nikapokea jembe.

Nilisimama mbele ya yule mtu. Bila usomaji wangu sikuona baba wala dada. Niliona mchoro mmoja tu, fimbo na duara, unayumba kwenye upepo. Nilichagua.

"Shikamoo baba."

"Dada," mchoro ukanisahihisha.

Kuku ndiye aliyeanza kucheka. Nikahisi uso unachemka, mimi mtu mzima na mwalimu. Nikatafuta dirisha la kutazama nje, kama Zaituni anavyofanya darasani akiitwa asome. Kwenye ukurasa hapakuwa na dirisha.

Mwalimu Mpondo alichukua mwiko kutoka kwa Zaituni, akakohoa, akajaribu kwa sauti ya gwaride. "Dada!"

"Baba," mchoro ukasema.

Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kisha kubwa kuliko hiyo. Upepo haukuisikia. Alirudisha mwiko kwa Zaituni taratibu, akafuta jasho.

"Mwalimu," Zaituni akaniambia, "naruhusiwa kuuliza swali?"

"Uliza."

"Mbuzi akitazama huku, ni mbuzi. Akigeuka akatazama kule, bado ni mbuzi. Jembe ukiligeuza ni jembe. Hata wewe mwalimu, ukitupa mgongo ukiandika ubaoni, bado ni wewe. Kwa nini huyu akigeuka anakuwa mtu mwingine?"

Nimefundisha herufi miaka yote hii, nimezichora, nimezikuza, nimezikata kwenye maboksi, na sikuwahi kuliona hilo. Kila kitu duniani kinaruhusiwa kugeuka kikabaki na jina lake. Hawa tu, b na d, ndio wanaonyimwa, na hatukumwambia mtoto.

Nikaugeukia mchoro. "Umesikia swali?"

"Nimesikia."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi," ulisema. "Huwa mnamuuliza mtoto."

"Sasa nakuuliza wewe."

"Mbuzi yuko malishoni, hutazama popote apendapo. Sisi hatuko malishoni. Sisi tuko safarini." Ukaonyesha kinjia, kule mstari unakoishia, upande wa mkono wa kulia. "Wote tunaelekea kule, hakuna anayerudi. Anayetaka kutujua asisimame mbele yetu na kutukodolea macho. Atufuate nyuma, aone nani kabeba nini na kakibeba wapi."

Alizeti zikaanza kuanguka. Rimu ilikuwa imeingia shambani, inajigonga, inakuja.

"Wafuate, Zaituni," nikasema.

"Nitahitaji muda, mwalimu."

Sote wawili tukamtazama Mwalimu Mpondo.

"Kiasi gani?" aliuliza.

"Sijui," Zaituni alisema. "Mpaka niwaone."

Mwalimu Mpondo alitazama dumu. Alitazama rimu, akamtazama mtoto, akarudi kwenye dumu. Ni mtu mwema. Ana shule yenye watoto wengi na vyumba vichache, na kila asubuhi yeye ndiye anayejua kwamba muda hautatosha.

"Mdogo wake alisema nafasi kule chini ni ya mtu mmoja," alisema, kama anayejisemea.

Akafungua kizibo.

Muda ulikuwa mzito kama uji wa ulezi, na ulinuka kama Jumamosi asubuhi. Aliumimina wote mbele ya rimu, akatikisa dumu, akagonga kitako chake. Rimu ikaingia humo, ikazama hadi katikati.

"Nimecheleweshwa," ilisema, bila kinyongo.

Zaituni anaweka jembe na mwiko chini. Anaingia kwenye kinjia, upande wa kushoto kabisa, mahali mstari unapoanzia. Watu wa kwenye mstari wanatembea mbele yake na yeye anawafuata. Hana haraka. Kidole chake kinachora hewani: fimbo, tumbo, fimbo, tumbo. Anakosea, anarudi mwanzo. Kuku anataka kucheka, lakini nimemkazia macho ya darasani.

"Huyu," Zaituni anasema mwishoni, "fimbo iko nyuma, tumbo limetangulia. Ni kitambi." Anafikiri. "Ni baba. Baba ana kitambi mbele."

Mchoro unanenepa, unasimama imara. Ni baba, na upepo unapovuma anashika kitambi chake na kuendelea na safari.

"Na huyu mbele amenyooka. Tumbo hana. Ana mzigo mgongoni." Anasogea karibu zaidi, anachungulia. "Siyo mzigo, mwalimu. Ni mtoto. Amebeba mtoto kwa mbeleko."

"Basi ni nani?"

"Ni dada."

Upepo unavuma kwa nguvu. Kilemba kinapepea, lakini dada hageuki.

"Nitageukaje?" anasema. "Jua litampiga mtoto."

Zaituni anaokota jembe anampa baba, anaokota mwiko anampa dada. Baba anakwenda shamba. Mjomba anashuka kwenye baiskeli na kuvua kofia. Nami ninaingia kwenye kinjia nyuma ya Zaituni, nifuate anapokanyaga, na hapo ndipo ninapowaona wote kwa mara ya kwanza, wanavyokwenda mmoja nyuma ya mwingine kuelekea kulia, kila mmoja na alichobeba.

Neno dada, ukilitazama vizuri, lina madada wawili. Wa pili alitokea nyuma ya wa kwanza, naye na mtoto wake mgongoni, na katikati yao na mwisho wa msafara zilikuwa zile a mbili ambazo hazina maneno mengi.

"Tumechoka," dada wa kwanza alimwambia Zaituni. "Tangu kitabu kichapishwe hakuna aliyetupokea watoto."

"Mngeomba," Zaituni alisema.

"Tungemwomba nani? Wote walikuwa wanatusoma tu."

Zaituni akatandika mkeka pembeni ya mstari. Alimpokea mtoto wa kwanza, akanipa mimi wa pili. Alikuwa mviringo kabisa, hana mikono wala miguu, na alikuwa na joto. Alipumua shingoni mwangu. Tuliwalaza kwa uangalifu. Madada wakanyoosha migongo, wakawa warefu, wembamba, wamenyooka kama nguzo, wakashusha pumzi.

Ubao ukatokea mlangoni mwa nyumba ya bati, usomaji wetu umeutundika mkononi.

"Mafunzo yamekwisha," ulisema. "Vaeni."

Wangu uliingia mara moja. Wa Mwalimu Mpondo ulikuwa umejisokota, na rimu, iliyokuwa imelala ubavu ndani ya muda, ikajitolea kumshikia ncha moja.

"Pale kwenye mstari sasa pameandikwaje?" aliuliza, bado anahangaika nao.

Nikatazama. Madada wawili waliokuwa wamewashusha watoto hawakuwa madada tena. Nilikuwa nimekwisha kuona ni neno gani, lakini Zaituni alilisema kabla yangu.

"Lala."

Ua mzima ukatii. Kuku alilala, mjomba akalala karibu na baiskeli, Mwalimu Mpondo akakaa chini na usomaji wake mapajani, akasinzia. Nami nikajinyoosha kando ya mkeka. Nilipolala kule, nikaamka huku.

Kulikuwa kumekucha. Jogoo wa jirani alikuwa ameshamaliza kazi yake na mtu alikuwa anapiga hodi. Bibi yake Zaituni ana ng'ombe, na kila asubuhi mtoto huyo hupitisha maziwa kwangu kabla ya kwenda kujiandaa na shule. Nikafungua. Alikuwa amesimama barazani na kopo lake, kichwa kimeinama kidogo, kama kawaida yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Bibi hajambo?"

"Hajambo."

Nilipokea maziwa, nikayaweka ndani. Nilipotoka alikuwa bado hajaondoka, anatazama vumbi lililoletwa na upepo wa usiku pale barazani, limetanda sawasawa kama unga. Nikachuchumaa. Sikusema lolote kuhusu kitambi wala mbeleko, wala njia ya kwenda kulia. Niliandika kwa kidole neno moja: dada.

Zaituni alilitazama. Hakulikabili kwa mbele kama siku zote. Alizunguka, akasimama upande wa kushoto wa neno, kama mtu anayesubiri wenzake watangulie ili awafuate. Midomo yake ilicheza.

"Dada," alisema.

Ningeweza kusema amebahatisha, maana huwa ni baba au dada, mojawapo. Hata hivyo nilikuwa tayari na jibu la kumpa Mwalimu Mpondo, kwamba mtoto harudi darasa la kwanza, na ningekwenda nalo hivyo hivyo.

Lakini Zaituni alikuwa bado hajamaliza. Alichuchumaa karibu yangu, akalamba kidole gumba, akafuta lile duara la kwanza. Alilifuta polepole sana, mkono mwingine ukiwa wazi chini yake, kana kwamba kuna kitu kinaweza kuanguka. Akafuta na la pili. Zikabaki fimbo mbili zimenyooka, na zile a mbili mahali pake.

"Lala," akasoma, kwa sauti ya chini, kisha akaweka kidole mdomoni mwake kuniashiria nisiongee kwa nguvu.